Simu Yenye Misuli

Mkakasi ni chombo kidogo cha mti, kilichochongwa kwa ustadi na kutiwa nakshi na rangi za kupendeza, ambacho akina bibi walihifadhia manukato na vipuli vyao. Ukikiona juu ya kabati utadhani kimechongwa katika kito. Siku kikianguka na kupasuka ndipo macho yanapofumbuka: rangi ni utando mwembamba kama ganda la kitunguu, na chini yake mna kipande cha mti kama ukuni mwingine wowote. Ndipo wahenga wakasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii kila mtu anaijua, lakini ni wachache wanaoikumbuka wanaposimama dukani, kitu kikiwa kinang'aa mbele yao na pesa ikiwasha mfukoni. Mwosha magari mmoja hakuikumbuka, na haya ndiyo yaliyomkuta.

Kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alijulikana kama Povu, kwa sababu tangu asubuhi hadi jioni alikuwa ndani ya povu: povu mikononi, povu kwenye buti, povu hata kwenye nyusi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwembamba kama ufito lakini mwenye mikono ya chuma, mwanamke pekee kati ya wanaume watano. Hakuna aliyemfikia kwa kutoa tope lililogandamana chini ya lori. Madereva walipofika walitangulia kuuliza, "Povu yupo?" Wakiambiwa hayupo, wengine waligeuza gari wakaenda zao na tope lao.

Nyumbani aliishi na baba yake na shangazi yake. Baba alikuwa mpeleka barua wa posta kwa miaka thelathini na mmoja. Alijua kila mlango, kila ngazi na kila mbwa mkali wa mji ule. Alipostaafu, kumbukumbu zilianza kumvuja kama maji katika pakacha. Alisahau kwanza miwani ilipo, kisha akasahau kwamba mkewe ni marehemu, na mwishowe akaanza kumwita bintiye "bibie", kama mteja aliyefika dirishani kununua stempu. Lakini njia ya barua haikumtoka miguuni. Karatasi yoyote kwake ilikuwa barua: bili ya maji, kipeperushi cha daktari wa meno, ukurasa wa kalenda. Akikosa mtu wa kumwangalia alizikusanya, akavaa kofia yake, akaenda zamu. Kwenda alikwenda vizuri. Kurudi ndiko kulikomshinda.

Shangazi, ambaye ni dada yake baba, ndiye aliyeshinda naye mchana. Naye magoti yalikuwa yamemgomea. Kutoka kitandani hadi jikoni ilikuwa safari yenye vituo viwili. Baada ya kaka yake kupotea mara ya kwanza, alichukua uzi mwekundu akashona namba ya simu ya Povu kwenye kola za mashati yake yote.

"Nani atasoma namba kwenye kola, shangazi?" Povu aliuliza.

"Atakayemwonea huruma. Mtu akimwona mzee aliyepotea humtazama usoni, na kola ni jirani wa uso."

Alisema kweli. Mara mbili watu wasiowajua walipiga simu, na mara mbili Povu alikwenda kumchukua baba yake akiwa mzima, mara moja kwenye ngazi za hospitali na mara nyingine kwa muuza mboga aliyekuwa amemkalisha juu ya gunia la viazi.

Tatizo lilikuwa simu yenyewe. Simu na kazi ya Povu zilikuwa kama chumvi na mvua. Katika mwaka mmoja alizika tatu. Ya kwanza iliteleza ikazama kwenye ndoo ya sabuni. Ya pili ilirushiwa maji sikioni akiwa anaongea. Ya tatu aliiviringisha katika mfuko wa plastiki, ikaepuka maji ya bomba lakini ikafa kwa jasho. Siku ilipokufa hiyo ya tatu, Povu aliapa kwamba sasa atatafuta simu ngumu, ya watu wa kazi, isiyoogopa maji wala kuanguka, lakini isiyozidi akiba aliyokuwa ameiweka.

Alianza kwa fundi simu. Watu walimwita Mkavu, kwa kuwa hakuwa na tabasamu wala porojo. Alikaa kibandani pake na lenzi jichoni, akiongea kana kwamba kila neno linamkatia chaji.

"Fundi, nataka simu ngumu ya bei ya kawaida," Povu alisema.

Mkavu aliinama chini ya meza, akatoa simu ya kijivu, nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, akaitupa mezani. Ililia ko! kama gogo. Mgongoni ilikuwa na mikwaruzo, na mtu alikuwa ameparuza herufi mbili za jina lake kwa msumari.

"Hii ilikuwa ya msimamizi wa ujenzi. Imeanguka toka ghorofa ya pili mbele ya macho yangu. Kamera yake hovyo. Kufikiri inafikiri taratibu. Lakini nimeifungua, naijua ndani."

"Haina sura, fundi."

"Unataka kuitumia au kuiposa?"

Povu alicheka, lakini mkono wake haukuigusa simu ile. Mkavu akaona. Akaondoa lenzi jichoni, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara, akamwambia, "Sikiliza, dada. Ukienda kwingine, usitazame misuli, tazama mishono. Funua kizibo cha tundu la chaji: kina ukingo wa mpira au hakina? Kinabana au kinapwaya? Skurubu zake zinafunguka? Betri inashika siku ngapi? Na ikiharibika, kioo chake kinapatikana? Halafu omba maji. Muuzaji anayeiamini simu yake hatakunyima beseni."

"Nitafikiria," Povu alijibu.

Tusimlaumu haraka. Tangu azaliwe, Povu hakuwahi kufungua kitu kikiwa kipya. Magauni yake ya utotoni yalitangulia kuvaliwa na watoto wa mjomba. Viatu vyake vya shule vilikuwa vya shangazi, vikijazwa magazeti kwenye ncha. Hata simu zote tatu alizozika alizinunua zikiwa zimechokwa na wengine. Alipoziona herufi za mtu mwingine kwenye mgongo wa simu ya kijivu, kitu fulani ndani yake kilisema, mara hii hapana.

Kesho yake aliingia katika duka kubwa la simu, kwa nia, alivyojiambia, ya kuuliza bei tu. Ukutani palikuwa na picha ya tembo aliyekanyaga simu, na simu ikitabasamu. Chini ya picha hiyo, ndani ya kabati la kioo, simu yenyewe ilikaa kama mfalme: nyeusi yenye mistari ya manjano, kona zake zimetuna kama magurudumu ya trekta, skurubu nane za chuma zinametameta pembezoni. Bei yake ilikuwa karibu sawa na ile ya Mkavu.

Muuzaji alikuwa mtanashati, shati limenyooshwa hadi linakata. "Dada'ngu," alisema, "hiyo siyo simu. Hiyo ni askari."

Akaitoa, akaiachia ianguke. Ikadunda. Povu alishtuka, kisha akaona kwamba sakafu ilikuwa na zulia. Muuzaji akapanda juu yake kwa viatu vyake vinavyong'aa, akashuka. Akachukua chupa ya maji ya kunywa, akainyunyizia matone machache, akaipangusa kwa leso.

"Unaona? Haina habari."

"Naweza kuitumbukiza kwenye ndoo nione?" Povu aliuliza, maneno ya Mkavu yakimrudia.

Muuzaji aliweka mkono kifuani kama aliyeumizwa. "Nikiwaruhusu wateja waitumbukize, itakuwa imetumika. Mimi nauza vitu vipya. Wewe ungekubali kuuziwa kitu ambacho mwenzio ameshakilowanisha?"

Povu aliinama juu ya simu. Ni kweli, asingekubali. Ameishi na vitu vya aina hiyo maisha yake yote. Akafunua kizibo cha tundu la chaji kwa ukucha. Kilifunguka chenyewe kama mlango usio na komeo.

"Mbona hakibani?"

"Kikibana sana kitakuvunja kucha, dada. Kucha kama hizo ni za kutunzwa."

Povu alizitazama kucha zake zilizopasuka kwa sabuni kali. Hakukumbuka lini mtu alizitaja kwa wema. Alipoinua macho, muuzaji alikuwa amemsogezea simu. Juu ya kioo chake palikuwa na karatasi nyembamba ya plastiki, bado haijabanduliwa.

"Bandua mwenyewe," alisema kwa upole. "Iwe yako tangu mwanzo."

Povu alishika pembe ya karatasi ile, akaivuta polepole. Chini yake kioo kilikuwa kikavu na cheusi kama jicho la mtoto mchanga. Biashara ikaishia hapo.

Kazini walimpokea kwa vigelegele. "Povu ana kifaru mfukoni!" wenzake walisema, wakipokezana simu na kuipima uzito viganjani. Nyumbani, shangazi aliigeuza mara mbili, akaitazama chini, akaitazama juu.

"Mbona inafanana na buti?"

"Ni simu ya kazi, shangazi. Haiogopi maji."

"Haya. Mradi iite."

Na ikaita. Wiki ya kwanza iliita, ya pili ikaita, ya tatu ikaita. Povu akautupa ule mfuko wa plastiki. Na huko ndiko hatari ilikojificha. Zile simu dhaifu alikuwa akiujua udhaifu wake. Alizichungulia kila baada ya nusu saa, na akiingia katika shimo la kuoshea magari kwa chini aliziacha kwa mwenzake aliye pakavu. Lakini askari huyu mpya, Povu alimwamini. Aliitia katika mfuko wa mbele wa aproni, akaendelea na kazi, na moyo wake, kwa mara ya kwanza tangu baba augue, ulipumzika.

Alhamisi moja lilifika lori la kubebea udongo, limevaa tope hadi kwenye madirisha. Povu aliingia katika shimo la zege lililo chini yake, akafungulia maji ya kasi. Tope lilimwangukia mabegani, maji yakarudi kutoka kwenye chuma na kumpiga kifuani. Baada ya kitambo aliifuta simu kwa kiganja, akaitazama. Kioo kiliwaka. Picha ilikuwepo, saa ilikuwepo, na hapakuwa na alama ya mtu yeyote aliyempigia. Akairudisha mfukoni. Aliitazama tena baadaye, akaona vilevile, akatosheka. Lori lile lilikuwa na kazi.

Alikuwa akisugua gurudumu la mwisho aliposikia wenzake wamenyamaza. Aligeuka. Langoni alisimama shangazi yake, mkono mmoja kwenye mwiko mrefu wa jikoni alioufanya mkongojo, mwingine kwenye nguzo, uso umemjaa jasho, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Kwa miaka miwili mwanamke yule hakuwahi kuvuka mtaa wao.

"Shangazi! Umefikaje hapa?"

"Kwa magoti haya haya. Baba yako ametoka. Nilikuwa jikoni, nimegeuka, kiti kitupu. Nimepiga kwa simu ya jirani mara saba, mwanangu. Mara saba! Naambiwa hapatikani, hapatikani."

"Haiwezekani. Simu inawaka, tazama." Povu aliitoa. Kioo kiliwaka kweli, king'avu kama siku aliyokibandua karatasi. Saa ilionyesha saa nane na dakika kumi. Aliinua macho: jua lilikuwa limekwisha kuinama nyuma ya paa la karakana ya jirani, na mawingu meusi yanalifuata. Alibonyeza kitufe cha kwanza, cha pili, vyote. Saa nane na dakika kumi. Simu ilikuwa imekufa macho wazi.

Povu aliirudisha simu mfukoni. Alimkalisha shangazi kwenye kiti cha dereva wa lori, akatoka mbio na aproni yake.

Alikimbia hadi nyumbani, akaanzia pale. Je, aende kulia au kushoto? Mbele ya lango la tatu kutoka kwao, kitu cheupe kilichomoza kwenye upenyo wa mlango. Alikivuta. Kilikuwa kipeperushi cha daktari wa meno, kimekunjwa mara mbili kwa unadhifu. Baba amepita hapa. Alikwenda mbele, akaona bili ya maji imechomekwa kwenye komeo la duka lililofungwa. Kwenye kona, chini ya mlango wa fundi viatu, palikuwa na ukurasa wa kalenda. Baba alikuwa kazini, na kama mfanyakazi mwaminifu, hakuruka mlango hata mmoja wa njia yake. Povu alifuata barua zile kama mtu anayefuata matone ya damu.

Mvua ilianza kunyesha alipofika kwenye kinyozi. Karatasi ilikuwa mezani, kando ya mkasi.

"Umemwona mzee mwenye kofia ya posta?"

Kinyozi, mwanamume mwenye tumbo na sauti nyororo, aliacha kichwa cha mteja nusu. "Wewe ndiye mwenye namba ya kwenye kola? Dada, nimekupigia mara nne! Nilimkalisha hapo, nikampa maji. Nikakupigia, hupatikani. Nikapiga tena. Nikamnyoa ndevu ili asichoke kungoja. Ameondoka yapata nusu saa sasa, nilikuwa nimempa mgongo. Alikuwa akisema gari la barua halimsubiri mtu."

Maneno yale yalimwingia Povu kama mwiba chini ya ukucha. Baba alikuwa amekwisha kupatikana. Alikuwa ameketi kwenye kiti kikavu, na ndevu zake zimenyolewa, mikononi mwa mtu mwema. Kilichokosekana ni mlio mmoja tu wa simu.

Gari la barua. Povu alijua sasa pa kwenda. Posta ya zamani ilikuwa imehama miaka mingi, na jengo lake limegeuzwa ghala la saruji. Alilizunguka kwa nyuma, maji yakimfika vifundoni. Pale kwenye ngazi ambapo zamani magunia ya barua yalishushwa, mzee aliketi peke yake katika mvua, akitetemeka kama jani. Kiatu kimoja hakikuwepo, na kutoka kwenye unyayo wake mstari mwembamba mwekundu ulikuwa ukienda na maji. Alikuwa amejikunja, mikono yote miwili imekumbatia kifua.

"Baba!"

Alimtazama bila kumtambua. "Bibie, dirisha limefungwa. Njoo kesho."

"Baba, unaumwa? Umeshika nini?"

Alifungua vifungo viwili vya shati, kwa siri, kama anayeonyesha hazina. Ndani, kifuani kabisa, palikuwa na karatasi tano zilizosalia. Hazikuwa zimelowa hata moja.

"Barua ya mtu ni amana," alisema, meno yakigongana. "Mimi nilowe, yenyewe isilowe."

Povu alimbeba mgongoni. Hakuwa mzito.

Baba alilazwa hospitalini siku tisa. Unyayo ulishonwa, lakini kifua ndicho kilichowatisha. Kilichemka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, na usiku wa tatu daktari aliwaambia wakae karibu. Povu alikaa karibu. Alipangusa jasho la babake na kusikiliza pumzi, na kila mara alijiona yupo dukani, amezishika kingo za ile karatasi ya plastiki, anavuta. Shangazi, ambaye magoti yake yalikuwa yamevimba kama maboga, alimkuta analia ukumbini.

"Ningesikiliza, shangazi. Niliambiwa tazama mishono. Mimi nikatazama rangi."

"Na mimi nilikuwa jikoni. Kila mtu ana pa kujichapa akitaka," shangazi alisema, akikaa kwa kuugua. "Lakini nani alikula kiapo kwamba mvuja jasho asipende kitu kizuri? Futa machozi. Yule ndani ameomba uji, na anasema mhudumu wa posta hii ni mzembe."

Siku ya kumi walimrudisha baba nyumbani, amepungua, anachechemea, lakini mzima. Alasiri hiyohiyo Povu alikwenda kwa Mkavu, akaweka simu nyeusi na manjano mezani. Mkavu hakuuliza. Aliweka bisibisi juu ya skurubu ya kona. Haikuzunguka. Akapenyeza ncha pembeni, na skurubu ikabanduka kama gamba la samaki. Zote nane zilikuwa za kubandika kwa gundi. Alilivua lile koti lenye magurudumu, na ndani yake ikatoka simu nyembamba ya kawaida, ndugu wa zile tatu zilizokufa, haina ukingo wa mpira popote. Kando ya betri palikuwa na kipande cha chuma, hakikuunganishwa na chochote.

"Hiki cha nini?" Povu aliuliza.

"Cha uzito. Ili ukiishika useme, lo, hii ndiyo simu."

Povu alikigeuza kipande kile kiganjani. "Nilikuwa mjinga, fundi."

Mkavu aliondoa lenzi. "Hapana. Waliounda hiki wanajua vizuri mtu amekosa nini, na wanamuuzia hicho. Na mimi nina kosa langu. Nilikuwa na kitu kizuri, nikakutupia mezani kama kiazi. Nimezoea kuongea na mashine."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia mteja.

Povu hakwenda moja kwa moja kununua. Alipita kwanza kwenye duka kubwa. Muuzaji alimkumbuka na kumpa tabasamu, lakini alipoona skurubu nane kiganjani mwake, tabasamu likakauka. Alitoa karatasi ya dhamana, akaonyesha mstari wa chini kabisa ulioandikwa kwa herufi za mchwa: madhara ya maji hayahusiki.

"Mimi nauza maboksi, dada," alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama. "Sijawahi kufungua hata moja."

"Ndilo kosa langu na lako," Povu alijibu.

Kando yake alisimama mwashi, saruji imemganda kwenye kope, ameishika simu ileile akiipima uzito. Povu alimgeukia. "Kaka, kabla hujalipa, omba ndoo ya maji." Mwashi alimtazama muuzaji. Muuzaji aliitazama picha ya tembo. Mwashi akairudisha simu juu ya kioo cha kabati, taratibu, akatoka.

Kwa Mkavu, ile simu ya kijivu ilikuwa bado chini ya meza. Safari hii fundi alikuwa ameipangusa, akaileta kwa mikono miwili. Alifunua kizibo, na Povu akalazimika kutumia nguvu kukirudisha. Kisha Mkavu akajaza beseni, akaizamisha hadi chini, akaipigia kwa simu yake. Kwa kitambo kidogo hapakuwa na kitu ila viputo. Halafu maji yakaanza kutetemeka, na kutoka chini ya beseni simu ikaita, kwa sauti nzito, kama mtu anayeongea na mto usoni. Iliita, ikaita, na Povu akaiacha iite, hataki kuikatiza.

"Sura bado haina," alisema, macho yamemlowa.

"Utazoea," Mkavu akasema, na wanaosimulia wanaapa kwamba alitabasamu.

Ulipita mwezi. Kidonda cha baba kikapona, na kwa kuwa miguu yake haijui kusahau, asubuhi moja alimpita shangazi tena. Povu alikuwa ndani ya shimo, maji yanamrudia kifuani, aliposikia kifua chenyewe kinaunguruma. Alitoa simu ikiwa inachuruzika povu, akaiweka sikioni.

"Hujambo, dada?" Ilikuwa sauti ya mwanamke asiyemjua. "Kuna mzee hapa mlangoni pangu. Amenipa ukurasa wa kalenda ya mwaka juzi, anataka niutie sahihi. Namba yako nimeiona kwenye kola."

Povu aliegemea zege. "Mpe kiti, tafadhali, na umtilie sahihi. Mwambie barua imefika. Nakuja sasa hivi."

Alimkuta ameketi kivulini, miguu mikavu, anaeleza tofauti ya stempu za ndani na za nje, na mwenyeji wake anasikiliza. Povu alipofuta simu ile ya kijivu yenye mikwaruzo na herufi za mtu mwingine, hakuiona tena kuwa haina sura. Alikuwa amejifunza, kwa bei iliyokaribia kumpokonya baba, kwamba cha kuaminiwa hujulikana kwa ndani yake wala si kwa umbo la nje. Kwa maana uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.